Chanjo ya Homa ya Uti wa Mgongo na Vijidudu Vinavyokaa Kooni

Maelezo yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba, hususan wanaojiandaa na safari ya Hija au Umra pamoja na jamaa zao wanaobaki nyumbani. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili yasomwe pia na wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Kila mwaka, msimu wa Hija unapokaribia, wanaosafiri huarifiwa kwamba ni lazima wachanjwe dhidi ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kupewa ruhusa ya kuingia Saudi Arabia. Wengi huichukulia sindano hiyo kuwa ni sehemu ya makaratasi ya safari, mfano wa picha za pasipoti. Sindano huchomwa, kadi ya njano hugongwa muhuri, na shughuli huishia hapo. Yako maswali mawili ambayo ni nadra kuulizwa dirishani. La kwanza ni iwapo chanjo hiyo humkinga msafiri peke yake au humkinga na mwengine. La pili ni iwapo mtu aliyechanjwa, akaenda na kurudi salama bila ya kuumwa hata kichwa, anaweza kuwaletea watu wa nyumbani kwake ugonjwa ambao yeye mwenyewe hakuuona.

Jawabu la swali la pili ni ndiyo, inawezekana. Na kiasi cha kuwezekana kwake kinategemea sana ni aina gani ya chanjo iliyomo ndani ya sindano ile. Jambo hili ndilo litakaloelezwa kwa urefu katika mazungumzo haya.

Homa ya uti wa mgongo ni uvimbe wa ngozi laini zinazoufunika ubongo na uti wa mgongo. Husababishwa na vijidudu vya namna nyingi, lakini chenye kuzusha maradhi ya mripuko ni kile kiitwacho meningokoko, ambacho kilitambuliwa na wataalamu mwaka 1887. Kijidudu hicho kinaweza pia kuingia katika damu na kuitia sumu, na hapo mtu aliyekuwa mzima asubuhi huweza kuwa mahututi usiku. Hata pale matibabu yanapopatikana kwa wakati, takriban mgonjwa 1 katika kila 10 hufariki. Miongoni mwa wanaopona, mmoja katika 5 hadi 10 hubakia na ulemavu: uziwi, kifafa, udhaifu wa akili, au kukatwa vidole na viungo vilivyokufa kwa kukosa damu.

Makao ya kijidudu hiki ni nyuma ya pua na kooni mwa binadamu. Hakiishi katika mnyama, wala mbu, wala maji ya kisima. Hutoka kwa mtu na kumwingia mtu kwa mate na matone ya kikohozi, kwa kupigana busu, kwa kulala chumba kimoja kilichosongamana. Na wingi wa watu wanaokibeba hawaumwi chochote. Katika nchi za Ulaya imeonekana kwamba kwa wastani mtu mmoja katika kila 10 huwa nacho kooni wakati wowote anapopimwa. Kwa watoto wachanga ni kama asilimia 5, kwa vijana wa miaka 19 hufikia karibu asilimia 24, na kwa watu wa miaka 50 hushuka tena hadi asilimia 8 hivi. Mtu huweza kukaa nacho wiki kadhaa au miezi, kisha kikaondoka chenyewe bila ya yeye kujua kilikuja lini na kilikwenda lini.

Hapa wengi hustaajabu. Ikiwa kijidudu kimo katika makoo ya watu wengi kiasi hicho, mbona wagonjwa ni wachache? Jawabu lilipatikana mwaka 1969 kutokana na utafiti uliofanywa na Goldschneider, Gotschlich na Artenstein miongoni mwa askari wapya wa jeshi la Marekani. Watafiti hao waliipima damu ya vijana walipoingia kambini, wakaihifadhi, kisha wakasubiri kuona nani ataumwa. Walioumwa walikuwa karibu wote ni wale ambao damu yao haikuwa na kingamwili za kukiua kijidudu kilichokuwa kikizunguka kambini humo. Wenye kingamwili walikipata kooni kama wenzao, lakini hakikupenya kuingia katika damu. Kwa kawaida hatari huwa ni katika siku chache za mwanzo baada ya kijidudu kufika kwenye koo jipya, kabla mwili haujapata muda wa kujitayarisha. Kwa hiyo aliyekibeba kwa mwezi mzima akiwa mzima wa afya si yeye mwenye kuhofiwa zaidi. Mwenye kuhofiwa ni yule anayekipokea kutoka kwake leo, na hasa mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, ambaye kinga aliyoipata kwa mama yake imekwisha na yake mwenyewe haijakomaa.

Chanjo hutengenezwa kwa kutumia ganda la kijidudu. Meningokoko wenye madhara hujivika ganda la sukari ndefu, na kutokana na tofauti za ganda hilo wamegawiwa katika makundi yanayotajwa kwa herufi. Makundi sita, yaani A, B, C, W, X na Y, ndiyo yanayosababisha takriban maradhi yote duniani. Kinga dhidi ya kundi moja haimkingi mtu na kundi jengine, na ndiyo maana si sahihi kusema kwa ujumla kwamba fulani "amechanjwa uti wa mgongo" bila ya kutaja makundi.

Chanjo za mwanzo zilizofanya kazi vizuri zilitokana na sukari hiyo tupu, ambayo wataalamu huiita polisakaridi. Zilianza kujaribiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa askari wa Marekani, na kwa watu wazima ziliwakinga kweli. Lakini zilikuwa na kasoro kubwa. Sukari tupu huziamsha moja kwa moja chembe zinazotengeneza kingamwili bila ya kuzishirikisha zile chembe nyengine za damu, ziitwazo chembe T, ambazo kazi yake ni kusimamia, kusahihisha na kuweka kumbukumbu. Watumishi wa ofisini watalifahamu jambo hili kwa urahisi. Ni mfano wa agizo lililotolewa kwa mdomo: kazi hufanyika siku ile ile, lakini hakuna jalada lililofunguliwa masjala, na baada ya miaka miwili au mitatu hakuna karani anayekumbuka kwamba agizo kama hilo liliwahi kutolewa. Watoto wa chini ya miaka miwili hawanufaiki na chanjo hiyo ila kidogo sana. Kibaya zaidi, imethibitishwa kwamba mtu anayerudia chanjo ya polisakaridi, hasa ya kundi C, huweza kupata kingamwili chache mara ya pili kuliko mara ya kwanza, kwani sindano ya pili huzitumia zile chembe chache zilizopo bila ya kuleta badala yake.

Na kuhusu koo, polisakaridi ina uwezo mdogo mno. Katika kambi za jeshi ilionekana kuupunguza ubebaji kwa muda mfupi, lakini katika jamii kubwa athari hiyo haikudumu. Mtu aliyechanjwa huwa amejengewa ukuta kuizunguka damu yake, na kijidudu hubakia barazani.

Tofauti na hiyo ni chanjo ya kuunganishwa. Humo sukari ya ganda hufungwa pamoja na protini, mara nyingi inayotokana na sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyokwisha kuondolewa makali yake. Chembe T haziitambui sukari, lakini protini huzitambua vizuri. Zikiipokea protini huipokea na sukari iliyofungamana nayo. Hapo ndipo jalada hufunguliwa. Kingamwili hutengenezwa kwa wingi zaidi, hushika kwa nguvu zaidi, na chembe za kumbukumbu hubaki. Mtoto mchanga naye hufaidika. Na kwa kuwa kingamwili hizo huwa nyingi katika damu, baadhi yake huvuja hadi kwenye utando wa koo na kumzuia kijidudu mgeni asipate mahali pa kukaa. Yafaa ifahamike, hata hivyo, kwamba kazi yake kubwa ni kuzuia kijidudu kipya kisikae. Kile kilichokwisha kukaa hakitolewi kwa chanjo. Hutolewa kwa dawa, au huondoka kwa wakati wake.

Ushahidi wa maneno haya ulianza kupatikana Uingereza. Mwezi wa Novemba 1999 nchi hiyo ilianza kutoa chanjo ya kuunganishwa ya kundi C, kwanza kwa watoto wachanga na vijana, kisha kwa rika zote za chini ya miaka 18. Watafiti waliyapima makoo ya wanafunzi wapatao 14,000 kabla ya chanjo na wengine zaidi ya 16,000 mwaka mmoja baadaye, na wakakuta ubebaji wa aina kali ya kundi C umepungua kwa asilimia 66. Katika muda mfupi maradhi yalipungua kwa thuluthi mbili hata miongoni mwa watoto ambao hawakuchanjwa. Maana yake ni kwamba vijana waliacha kuwaambukiza wadogo zao. Kinga ya watoto waliochanjwa wakiwa wachanga ilikuja kuonekana kuwa imepungua baada ya mwaka mmoja tu, hata ikabidi mwaka 2006 waongezewe sindano nyengine wakifikia umri wa mwaka. Lakini katika kipindi hicho chote maradhi hayakurudi kwa kishindo, kwa kuwa kijidudu chenyewe kilikuwa kimekosa makoo ya kukaa. Ni mara chache katika historia ya tiba jambo la namna hii kuonekana waziwazi kiasi hicho.

Lakini kielelezo kikubwa zaidi kimetoka Afrika. Uko ukanda unaoanzia Senegal na Gambia hadi Ethiopia, ambao daktari Mfaransa Lapeyssonnie aliueleza mwaka 1963 kuwa ndio ukanda wa homa ya uti wa mgongo. Katika miezi ya ukavu, upepo wa vumbi unapovuma na watu kulala wamebanana, maradhi hayo hulipuka. Shirika la Afya Duniani limezihesabu nchi 26 kuwa zimo katika eneo la hatari, Tanzania ikiwa miongoni mwao, ingawa kitovu chenyewe kiko mbali na Visiwa hivi. Katika mripuko wa miaka ya 1996 na 1997 watu zaidi ya 250,000 waliumwa katika ukanda huo na 25,000 wakafariki. Wakati ule kundi A lilikuwa ndilo linalosababisha zaidi ya robo tatu ya maradhi yote, na chanjo iliyokuwepo ilikuwa ya polisakaridi, ikipelekwa kwa haraka baada ya watu kwisha kuanza kufa. Kila mwaka ilikuwa ni kukimbilia nyumba inayoungua.

Mwezi wa Disemba 2010 chanjo ya kuunganishwa ya kundi A, iliyotengenezwa India kwa ajili ya Afrika na kuuzwa kwa chini ya nusu dola kwa dozi, ilitolewa kwa mara ya kwanza nchini kote Burkina Faso. Katika muda wa siku 10 hivi watu zaidi ya milioni 10 wenye umri wa mwaka 1 hadi 29 walichanjwa. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamechukua sampuli za makoo zaidi ya 20,000 na kukuta kundi A katika asilimia 0.39. Baada ya chanjo walichukua sampuli nyengine zaidi ya 22,000, kuanzia wiki ya tatu hadi mwezi wa 13. Hawakulikuta kundi A katika koo hata moja, si la aliyechanjwa wala la asiyechanjwa.

Chad ilionyesha jambo hilo hilo kwa njia nyengine. Kampeni ilifanywa katika mji wa N'Djamena na jirani zake mwishoni mwa mwaka 2011, wakati maeneo mengine ya nchi yalikuwa bado. Mwaka 2012 ugonjwa katika maeneo yaliyochanjwa ulikuwa pungufu kwa asilimia 94 kuliko katika yale yasiyochanjwa. Katika makoo 4,278 yaliyopimwa kabla, 32 yalikuwa na kundi A. Katika makoo 5,001 yaliyopimwa baada ya miezi kadhaa, ni moja tu. Tangu mwaka 2017 hakuna mgonjwa yeyote wa kundi A aliyethibitishwa katika ukanda huo, ambao kwa karne nzima ulikuwa ukiombolezea watoto wake kila baada ya miaka michache.

Furaha hiyo isiwapumbaze watu. Makundi mengine yalikuwepo na bado yapo. Mwaka 2015 Niger ilipatwa na mripuko wa kundi C ambapo watu zaidi ya 8,500 walishukiwa kuumwa. Kundi X, ambalo chanjo za zamani hazikuligusa kabisa, lilikwisha kuitaabisha nchi hiyo hiyo mwaka 2006. Kwa ajili hiyo ilitengenezwa chanjo ya kuunganishwa ya makundi matano, A, C, W, Y na X, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, na Nigeria ikawa nchi ya kwanza kuitumia mwaka 2024.

Kundi B lina kisa chake peke yake. Sukari ya ganda lake inafanana mno na sukari iliyomo katika mishipa ya fahamu ya binadamu, hata mwili hukataa kuitengenezea kingamwili. Wataalamu wakalazimika kuiacha sukari na kutumia protini za ngozi ya nje ya kijidudu. Chanjo iliyopatikana humkinga aliyechanjwa, na Uingereza ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2015. Wengi walitaraji kwamba ingesafisha na makoo pia. Katika jimbo la South Australia jambo hilo lilipimwa kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 24,000 katika miaka ya 2017 na 2018. Baada ya mwaka mmoja ubebaji wa makundi yenye madhara ulikuwa asilimia 2.55 kwa waliochanjwa na asilimia 2.52 kwa wasiochanjwa, yaani hakuna tofauti. Kwa hiyo chanjo mbili zinaweza kuwa nzuri zote mbili kwa mwenye kuchomwa, na moja tu ikawa na faida kwa jirani yake. Mwenye kudhani kwamba kila chanjo huzuia maambukizi anakosea, kama anavyokosea mwenye kudhani kwamba hakuna inayoyazuia.

Yote hayo yanawahusu vipi wakaazi wa Visiwani? Yanawahusu kwa njia ya safari.

Mwaka 1987 mripuko wa kundi A ulitokea wakati wa Hija. Mahujaji waliporejea Marekani na kupimwa uwanja wa ndege mjini New York, asilimia 11 walikutwa na kundi hilo makooni mwao, ilhali hawakuwa wagonjwa. Aina ile ile ya kijidudu ilifuata baadaye katika nchi za Chad, Sudan na Ethiopia mwaka 1988, na mwaka 1989 ikaingia Nairobi, ambako watu wapatao 3,800 waliumwa. Kutoka Nairobi hadi pwani hii ni safari ya siku moja kwa gari. Baada ya mwaka 1987 Saudi Arabia iliamuru kila hujaji achanjwe dhidi ya makundi A na C.

Amri hiyo ilisaidia mpaka mwaka 2000, ambapo kundi W, lisilokuwemo katika chanjo ile, liliwapata mahujaji na jamaa zao. Wagonjwa walizidi 400 katika nchi mbalimbali, na wengi miongoni mwao hawakukanyaga Makka. Walikuwa ni wake, waume, watoto na wajukuu waliowapokea wasafiri. Mwaka 2001 hali ikajirudia. Mwaka 2002 Burkina Faso ilipatwa na mripuko mkubwa wa kundi hilo hilo, wagonjwa wakiwa takriban 13,000 na vifo zaidi ya 1,400. Ndipo chanjo ya makundi manne, A, C, W na Y, ilipofanywa kuwa sharti la lazima kwa mahujaji wote.

Kisa cha Singapore kinastahiki kuelezwa kwa makini zaidi, kwani nchi hiyo iliwachanja mahujaji wake kwa chanjo ya makundi manne tangu mwaka 2001. Chanjo yenyewe ilikuwa ya polisakaridi. Watafiti waliwapima mahujaji wapatao 170 kabla ya kuondoka na baada ya kurejea. Walipoondoka hawakuwa na kundi W. Waliporudi, takriban asilimia 15 walikuwa nalo kooni, na baadhi ya watu wa nyumbani mwao wakakutwa nalo pia. Chanjo haikuwa imeshindwa: iliwakinga wenyewe wasiumwe, kama ilivyoahidi. Haikuahidi kumkinga mtoto aliyerukia mapajani mwa babu yake siku ya mapokezi. Uchunguzi wa miaka iliyofuata umekuta ubebaji mdogo zaidi kuliko huo, na tangu mwaka 2001 hapajatokea mripuko mkubwa katika Hija. Lakini mwezi wa Mei 2024 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza wagonjwa 12 waliohusiana na safari za Umra, wakiwa katika nchi za Marekani, Ufaransa na Uingereza. Wawili kati yao hawakusafiri popote. Waliambukizwa na waliosafiri. Wengi waliumwa kundi W, na wale tisa ambao habari zao za chanjo zilijulikana, wote walikuwa hawakuchanjwa.

Yeyote anayezijua desturi za Visiwani ataliona jambo hili bila ya kuelezwa. Hujaji anapowasili, nyumba hujaa watu kuanzia alasiri hadi usiku. Mikono hubusiwa, watoto huletwa waombewe dua, maji ya zamzam hugawiwa kwa kikombe kimoja kinachozunguka, na wageni kutoka shamba hulala chini kwa safu katika chumba kimoja. Hakuna anayetaka desturi hizo ziondoke, na mazungumzo haya hayakukusudiwa kuziondoa. Zamzam inaweza kugawiwa kwa vikombe vingi, kila mtu na chake, na isipungue baraka. Mwenye kikohozi anaweza kuwaombea watoto dua akiwa amekaa mbali nao kidogo.

Kwa msafiri mwenyewe, mambo ya kufuata ni haya. Chanjo inayotakiwa ni ya makundi manne, A, C, W na Y, na ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili Saudi Arabia, kwa sababu kingamwili zinahitaji muda huo ili zijengeke. Anayechomwa siku ya kuamkia safari hufika akiwa na karatasi lakini hana kinga. Cheti cha chanjo ya polisakaridi hukubaliwa kwa miaka 3, na cha chanjo ya kuunganishwa kwa miaka 5, mradi aina ya chanjo imeandikwa waziwazi. Palipoandikwa jina la ugonjwa tu bila ya aina ya chanjo, msafiri anayo haki ya kuomba iandikwe, na mtoa chanjo anao wajibu wa kuiandika. Msafiri aulize kwa jina ikiwa ipo chanjo ya kuunganishwa, na pale zinapopatikana zote mbili achague hiyo, kwani faida yake hurudi naye nyumbani. Aliyewahi kuchomwa polisakaridi katika safari zilizopita asidhani kwamba kuirudia hiyo hiyo kutamwongezea nguvu. Kama ilivyokwisha kuelezwa, huweza kuwa kinyume chake.

Wapo pia wanaotamani kupata muhuri bila ya sindano, ama kwa kuogopa maumivu, ama kwa kuchelewa, ama kwa kuona kwamba walikwisha kwenda mara nyingi na hawakupata lolote. Mtu wa namna hiyo humdanganya ofisa wa bandari kwa dakika moja, kisha huishi wiki kadhaa miongoni mwa mamilioni ya watu bila ya kinga yoyote, na hatimaye huwarejea wazazi wake wazee. Maumivu ya sindano hii ni ya siku moja au mbili begani, pengine na homa ndogo.

Saudi Arabia huweza pia kuwapa wasafiri wanaotoka katika nchi za ukanda wa maradhi kidonge kimoja cha siprofloksasini wanapowasili. Kidonge hicho hakichukui nafasi ya chanjo wala chanjo haichukui nafasi yake. Chanjo hujenga kinga itakayodumu. Kidonge hukitoa kijidudu kilichomo kooni siku ile. Dawa hiyo hiyo, au rifampisini, au sindano ya seftriaksoni, ndiyo wanayopewa watu waliokaa karibu na mgonjwa aliyethibitishwa: wa nyumba moja, wa chumba kimoja, waliokula naye na kumuuguza. Si ya kununuliwa dukani na kumezwa na mtaa mzima kwa hofu. Ni vyema pia ifahamike kwamba penisilini, ingawa inaweza kumtibu mgonjwa, haiaminiki katika kukitoa kijidudu kooni, na kwa hiyo mgonjwa aliyetibiwa kwa hiyo peke yake anaweza kutoka hospitali akiwa mzima na bado akawa ni mbebaji.

Dalili za ugonjwa huanza kati ya siku 2 na 10 baada ya kuambukizwa, mara nyingi siku ya nne. Ni homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukia mwanga na kuchanganyikiwa. Mtoto mchanga huenda asiwe na shingo ngumu. Hulia kwa sauti kali, hukataa nyonyo, hulegea, na utosi wake huvimba. Zikitokea alama nyekundu au za zambarau mwilini, zibonyezwe kwa gilasi ya kioo. Zisipofifia chini ya gilasi, hiyo ni hatari ya saa, si ya siku. Kwa ngozi nyeusi alama hizo hutafutwa kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope. Kwa kuwa dalili za mwanzo zinafanana na za malaria, wengi hupoteza usiku mzima wakisubiri dawa ya malaria ifanye kazi. Anayempeleka mgonjwa wa namna hiyo hospitali amweleze daktari, bila ya kungoja kuulizwa, kwamba nyumbani mwao yuko mtu aliyerejea kutoka Hija au Umra, amerejea tarehe gani, na alichomwa chanjo ya aina gani kama ilivyoandikwa katika kadi yake.